Nani Anawasha Moto wa Anyitike

"Amewasha tena," Lilian alisema, akaiweka simu juu ya meza ya fundi.

Hosea aliacha bisibisi. Kioo cha simu ile kilikuwa kimepasuka kama utando wa buibui, lakini nyuma ya nyufa mchezo ulionekana: bonde la kijani, nyumba mbili za udongo zilizopakana, na mbele ya nyumba ya kushoto moto mdogo mwekundu. Kando ya moto alisimama askari mfupi mwenye kichwa kikubwa na mkuki. Juu yake lilikuwa limeandikwa jina alilopewa na mwenye nyumba: Malafyale, kama walivyoitwa machifu wa zamani wa huku.

"Uliwasha wewe jana, ukasahau."

"Moto wake siwezi kuuwasha. Kila mtu anawasha wa kwake."

"Basi ni mtandao."

"Mtandao haumkumbuki mtu kila asubuhi, Hosea."

Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya Ibighi, hapa Tukuyu, na madukani taa zilikuwa zinawaka mchana kweupe. Askari yule alikuwa wa Anyitike, mume wa Lilian. Na Anyitike alikuwa amelala kijijini Mpuguso, nyuma ya migomba ya baba yake, tangu roli la ndizi alilokuwa akiendesha lilipoacha barabara kwenye mteremko wa kwenda Kyela. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa.

Walianza mchezo ule akiwa hai, yeye safarini, mke nyumbani. Ulikuwa mchezo wa bure wa simu, wa mashujaa wadogo wanaopigana wenyewe wakati mwenye simu anashona au anapika. Ukirudi unakusanya walichopata, unawasha moto wa nyumba yako, unaondoka. Moto usipowashwa wiki nzima, nyumba inaanguka na shujaa anapotea. Baada ya mazishi Lilian alikaa akisubiri nyumba ya mumewe ianguke, apate kulia mara ya mwisho. Haikuanguka. Kila asubuhi moto ulikuwa unawaka.

Sasa kulikuwa na tangazo. Mwisho wa mwezi mchezo ungeacha kufunguka kwenye simu za zamani kama ya Lilian. Anayetaka kuendelea alikaribishwa kununua mchezo uleule kwenye kompyuta, ahamishe nyumba yake na yote yaliyomo.

"Wewe ndiye fundi," alisema. "Niambie kama inafaa kuununua."

Kama angeuliza mteja mwingine, Hosea angejibu taratibu. Lakini Hosea alikuwa amemwomba Lilian wafunge ndoa tangu mvua za kupandia, na hakuwa amejibiwa. Damu ilimpanda.

"Haifai. Mchezo huu umetengenezwa uchezwe kwa kidole gumba kwenye foleni ya zahanati. Kwenye kompyuta ni picha ileile iliyotandazwa kama chapati. Simu unaingia nayo jikoni, shambani, mpaka kitandani. Kompyuta unaifuata ilipo, unaiwasha, unaisubiri, kwa ajili ya kubonyeza moto mmoja? Unalipia nini, kuondolewa matangazo? Kompyuta ina michezo yake ya kiume."

Arafa, mwenye duka la vitenge la jirani, ambaye Lilian alishonea kwenye baraza yake, alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai.

"Fundi ana wivu na katuni."

"Sina wivu na katuni, dada Arafa."

"Basi na mwenye katuni. Huyo humuwezi, mdogo wangu. Huyo hachoki, hazeeki, na hajawahi kumjibu mwanamke vibaya."

Lilian hakucheka. Alisema polepole kwamba simu ikifa na moto ukazimika, atakuwa amemzika mume mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Akaiacha simu ibadilishwe kioo, akarudi kwenye cherehani.

Hosea alikaa akiitazama. Alikuwa kijana wa kujivuna, aliyejifunza ufundi bila mwalimu na mashairi bila mwalimu, na hakupenda kushindwa na mtu asiyeonekana. Akachukua simu yake, akamwandikia Lilian kwenye simu ya Arafa:

"Nakupenda kwa mchana, si kwa ndoto wala giza,
Aliyekwenda ni jana, mimi leo nauliza."

Jibu lilitoka baraza ya pili, kupitia simu ileile:

"Shairi zuri. Ila jana bado inawasha moto."

Akaitupa simu yake kwenye droo. Akaanza kung'oa kile kioo kibovu. Alipoweka kipya na kuiwasha simu ya Lilian, mchezo ulijifungua wenyewe. Moto uleule. Halafu, mbele ya macho yake, Malafyale akageuka. Akatembea kwa vile vimiguu vyake, akavuka uwanja mpaka nyumba ya kulia, nyumba ya Lilian. Akainama. Akaacha jani bichi mlangoni. Akarudi kusimama kando ya moto wake.

Hosea aliilaza simu kifudifudi mezani. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya banda.

Lilian alipokuja kuchukua simu, Hosea alimsimulia alichokiona. Uso wake ulibadilika.

"Hiyo ndiyo salamu yake. Akiwa njiani, akishindwa kupiga simu, aliniwekea jani."

"Simu yake iko wapi?"

"Ilisagika kwenye roli. Niliambiwa hivyo."

"Uliambiwa na nani? Ungemuuliza baba yake."

Lilian alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. Hosea alikulia Mbeya mjini kwa mjomba, na mila hii aliijua kwa kusikia tu. Kwa wazee wa Mpuguso mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona njiani anaiacha njia, anajifunika kichwa, anapita migombani. Hamtaji jina, hali chakula mbele yake. Na mzee naye vivyo hivyo, kwa heshima ileile.

"Hata msibani," Lilian alisema, "tulimlilia mtu mmoja tukiwa pande mbili za ukuta."

"Na mimi je? Unanijibu lini?"

"Nikikubali leo nitakuwa na wanaume wawili. Nijue kwanza nani anawasha. Akiwa mtu, tutaongea. Akiwa yeye, usiniulize tena."

Hosea hakulala vizuri. Asubuhi, kwa kiburi tu, aliununua ule mchezo kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia. Kama ni mzimu, alijisemea, nitautazama kwenye kioo kipana. Akampigia Arafa amwite Lilian, na Lilian akaja na simu yake, akaihamisha nyumba. Bonde likatanda kioo kizima. Moto uliokuwa ukubwa wa punje sasa ulikuwa kama wa jikoni, ukiangaza mikono ya Lilian. Akavuta kiti, akasahau kama yuko dukani kwa mtu.

Mvua ilikuwa imeanza. Hosea alirudi mbele, na akamkuta mzee amesimama mlangoni na gambuti za shamba, kofia inachuruzika, mfuko wa plastiki umebanwa kwapani.

"Ndaga, fundi," alisalimu kwa lugha ya huku.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

Mzee aliufungua mfuko kwa uangalifu, kama amebeba mayai. Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa simu ya zamani.

"Mwinjilisti wetu amenisomea maneno yaliyotokea humu. Anasema mwisho wa mwezi mchezo hautafunguka tena. Ila ukiununua kwenye kompyuta nyumba haianguki. Nimetoka Mpuguso kuuliza. Usiniuzie kitu, niambie ukweli. Inafaa?"

Hosea aliishika simu. Kwenye kioo kulikuwa na bonde, nyumba mbili, na Malafyale.

Nyuma ya pazia kipanya cha kompyuta kiliacha kulia.

"Simu hii ni ya nani, mzee?"

"Ya mwanangu Anyitike. Aliyokuwa nayo iliharibika pamoja naye. Hii aliiacha nyumbani, na nyumba yake ileile humu, kunifundisha. Nina mkamwana ambaye sijawahi kumwona uso. Siwezi hata kumuuliza kama amelala vizuri. Mwanangu akaniambia, baba, humu ndani hakuna mkwe. Humu mnaweza kukaa jirani, mtu akaona moto wa mwenzake akajua ameamka." Akafuta kofia. "Alipokufa nikasema basi, angalau niamke kabla ya huyo mke wake, nimwashie."

Kiti kilikwaruza sakafu. Mzee akatazama chini, akaona chini ya pazia miguu ya mwanamke na pindo la kitenge. Hakuuliza. Aligeuka mara moja, uso ukutani, kofia mbele ya macho. Na Hosea, aliyekuwa akiona pande zote mbili, alimwona Lilian naye amejitanda kitenge kichwani, amewapa mgongo.

Hosea alisimama katikati yao, yeye aliyetaka kumfumania mzimu.

"Fundi," mzee aliuambia ukuta, "huyo aliyeko ndani ni yeye ninayemdhania?"

"Ndiye, mzee."

Mvua ilinyesha kwa muda juu ya mabati.

"Mwambie kama moto umemtisha, sikujua. Nilidhani anajua ni mimi."

"Nimesikia," Lilian alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie baba, nilidhani ni mume wangu."

Hosea aliyarudia maneno hayo, ingawa hapakuwa na aliyehitaji kurudiwa. Ndivyo ilivyotakiwa, maneno yapitie kwa mtu wa katikati.

"Mwambie pia," mzee alisema, "nimesikia kuna kijana anamtaka. Simjui. Kama ni mtu wa maana, aende. Moto nimeuwasha kwa ajili ya upweke wangu. Sikuuwasha kumfunga."

Katika mashairi yake yote Hosea hakuwahi kupewa mstari mgumu kama huo.

"Anasema... kama huyo kijana ni mtu wa maana, uende."

"Mwambie baba kijana ni mkali, ana majivuno, na alisema mchezo huu haufai kununuliwa."

"Anasema..." Hosea alianza.

"Nimesikia," mzee alisema. Mabega yake yalitikisika. Alikuwa anacheka ukutani. "Halafu?"

"Mwambie, halafu akaununua."

Mzee aliirudisha kofia kichwani.

"Basi ndiye," alisema. "Mwambie ndiye."

Lilian alikuwa analia sasa, wazi kabisa. Akaomba mzee ashukuriwe kwa moto, na kwa majani.

"Majani gani?"

"Jani unalomwekea mlangoni, mzee," Hosea alisema.

"Mimi najua kuwasha moto tu. Majani sijui hata yanawekwaje."

Hosea alikumbuka vile vimiguu vikivuka uwanja. Huenda mchezo hufanya hivyo wenyewe kwa majirani wa siku nyingi, aliwaza, angeweza kuchunguza. Alijua tayari kwamba hatachunguza.

"Hujanijibu, fundi," mzee alisema. "Inafaa, au haifai?"

"Inafaa, mzee. Kwenye simu ni mchezo wa kupoteza muda. Hapa ni mahali pa kuja."

Siku ileile alihamisha na nyumba ya Malafyale, zikawa mbili kwenye kioo kimoja kama zilivyokuwa. Mzee hakuwa na kompyuta, wala hakuitaka. Alikuja kila akishuka sokoni, Arafa akimwona kwa mbali anakohoa kwa nguvu, na Lilian anatokea mlango wa nyuma. Mzee anaketi, anawasha, anaondoka. Siku ambazo hakuja, Lilian alimwomba Hosea awashe kwa niaba ya mzee, na Hosea, aliyewahi kusema maneno mengi, aliwasha.

Harusi ilifungwa hapohapo Tukuyu. Mzee alikuja na suti ya mwanawe. Hakuingia kanisani. Alisimama nje ya ua na mwavuli, amewapa maharusi mgongo, na wakati wa chakula akina mama walimpelekea sahani hukohuko. Lilian alipita na shela lake bila kugeuka, lakini mbele ya ua ule alitembea polepole kuliko popote.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, kabla duka halijafungwa, Lilian alikuwa amemfungulia Hosea nyumba ya tatu bondeni. Hosea alimwambia yeye hachezi. Hakuigusa.

Jioni, gari likiwapeleka nyumbani, Hosea aliomba lisimame Ibighi achukue begi lake dukani. Ukungu ulikuwa umeshuka. Duka lilikuwa limefungwa tangu jana, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake tangu jana. Mzee hakuwa ameondoka kwenye ule ua kutwa nzima. Hosea alichukua begi, akasita mbele ya pazia, akalifunua, akaiwasha kompyuta.

Malafyale alikuwa kando ya moto wake. Mlango wa Lilian ulikuwa mtupu. Kwenye nyumba ya tatu, isiyokuwa na moto, mlangoni palikuwa na jani bichi.

"Hosea," Lilian aliita kutoka nje. "Unaona nini huko?"

Akavuta kiti, akaketi na suti yake ya harusi, akawasha moto wake kwa mara ya kwanza.

"Nimesalimiwa," alijibu. "Naitikia, nakuja."