Ufunguo wa Rosebella

Soketi ilikuwa moja tu, na waliokuja mafunzoni na kompyuta zenye betri mbovu walikuwa wengi. Ndipo mkono wa Rosebella ulipogongana ukutani na mkono wa kijana asiyemjua, katika ukumbi wa vijana mjini Kakamega uliojaa harufu ya maandazi na vurugu za viti vya plastiki.

"Chomeka wewe kwanza," kijana akasema. "Mtu amevaa hivyo hawezi kusimamishwa kwa ukuta."

Gauni lilikuwa la kitenge cha manjano, limemkaa sawasawa, na Rosebella alilijua hilo. Hakushukuru, maana binti wa Likuyani hashukuru sifa upesi, ila alisogeza kiti kijana apate pa kukaa. Aliitwa Clifford Shikanga, wa Lubao, shati la mirabamiraba lililopigwa pasi hadi kwenye kola. Aliandika programu za chama cha wakulima wa miwa. Rosebella alitunza kompyuta za kliniki ndogo, na alitafuta njia ya kuficha habari za wagonjwa zisisomwe na kila mwenye macho.

Somo la siku hiyo lilikuwa maktaba ya programu: maandishi ya kompyuta yaliyotungwa na watu wa nchi nyingi, yakatolewa bure na wazi, yeyote ayatumie kufunga ujumbe. Rosebella alishangaa. Kitu kinachosomwa na dunia nzima kitaficha siri gani? Shikanga akamweleza kwa upole ambao hajawahi kuuona kwa mwanamume mwenye kompyuta. Kufuli likikaguliwa na wengi, ubovu wake hujulikana mapema. Siri imo kwenye ufunguo. Kila mtu hutengeneza funguo mbili. Wa kufungia unampa yeyote, wa kufungulia humpi hata mama yako. Ukimwandikia Shikanga, unafunga kwa ufunguo wa kufungia wa Shikanga, na yeye pekee ndiye atakayefungua.

"Kwa hivyo nikishafunga, hata mimi siwezi kusoma tena?"

"Hata wewe."

"Basi nitachunga maneno yangu."

"Chunga tu, mrembo. Nitasoma yote."

Walipokwisha kutengeneza funguo zao, Shikanga alimtumia ujumbe wa kwanza. Rosebella alipoufungua, ulikuwa na neno moja: "Umekula?" Alicheka mpaka watu wakageuka. Kabla hajajibu, stima zikapotea.

Basi wakaenda kula obusuma, ugali wa kwao, na kuku, na mapenzi yakaanzia hapo hapo mezani. Simu zikawa za asubuhi, mchana na jioni. Shikanga akimwuliza ameamkaje, Rosebella humjibu kwamba ataamkaje vizuri na mwanamume wake yuko kwenye miwa. Alimpenda kwa utani wake, na zaidi kwa jinsi alivyoeleza jambo gumu bila kumfanya mtu ajione mjinga.

Halafu Shikanga akapata kazi Nairobi, mkataba wa miaka kadhaa. Akamwuliza aende au abaki. Rosebella akasema neno hilo ni zito, hatalitoa kwa simu. Atalifunga kwa mkono wake mwenyewe. Jumapili baada ya kanisa akaketi, akaandika programu fupi kwa kufuata maelezo ya maktaba hatua kwa hatua, akafunga haya: "Nenda. Lakini kabla ya Nairobi, fika kwetu Likuyani, wazazi wakuone." Mwanamke kutangulia kusema hivyo si mchezo. Alijipa moyo, akatuma.

Jioni Shikanga akapiga, akazungumzia mvua. Kesho yake akazungumzia bei ya miwa. Rosebella aliona aibu mpaka masikio yakawaka; alijua amekataliwa kistaarabu. Akaacha kupokea simu zake, na kwa hasira akafuta funguo zake zote kwenye kompyuta.

Wiki kadhaa baadaye, pale kliniki, alikuwa akimwonyesha mwenzake Teresa jinsi ya kuanza. Teresa akafunga ujumbe, akamtumia, na haukufunguka. Rosebella akatazama, akacheka. Teresa alikuwa amefungia kwa ufunguo wake mwenyewe badala ya ule wa anayetumiwa.

Kicheko kikamkauka. Alifungua programu aliyoiandika Jumapili ile, akakuta ameandika jina la ufunguo wake mwenyewe pale lilipotakiwa kuwa la ufunguo wa Shikanga. Akapiga simu.

"Shikanga, ule ujumbe wangu ulisema nini?"

"Sikuwahi kuufungua."

"Na ukanyamaza?"

"Mimi ndio nilikufundisha. Ningesemaje imenishinda? Halafu ukaacha kushika simu, nikajua umenifungia makusudi, ndio nielewe hunitaki."

"Mficha uchi hazai, Shikanga. Uko wapi?"

"Sokoni Lubao. Nauza mtamba wangu nipate ya kuanzia Nairobi. Naenda kesho."

Rosebella alipanda boda akiwa bado na koti jeupe la kliniki. Alimkuta katikati ya mafahali na madalali, buti za mpira zimejaa tope, kamba ya mtamba mwekundu mkononi. Alikuwa amekonda, na bado alimpendeza sana.

"Nifungulie basi nisome," akasema Shikanga.

"Nilifuta ufunguo."

Shikanga aliijua maktaba ile. Hakuna fundi, hapa wala ng'ambo, ambaye angeufungua ujumbe huo tena. Akaangalia chini.

"Basi imepotea."

"Aliyeandika hajapotea. Yuko hapa mbele yako." Akamsogelea, akamwambia yale maneno.

Fahali mmoja akalia. "Sijasikia mwisho," Shikanga akasema.

Rosebella akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo hata wauza mbuzi waliisikia: "Nilisema kabla ya Nairobi, ufike kwetu Likuyani, wazazi wakuone."

Wanunuzi wakageuka. Shikanga alimtazama, machozi yakimlenga, na hakuyafuta.

"Na hii ng'ombe, unauza ama?" akauliza mnunuzi mmoja.

Shikanga akaivuta kamba, akamrudisha mtamba upande wake.

"Huyu hauzwi tena," akasema. "Anaenda Likuyani."