Utepe wa Jasi Juu ya Ufa

Kila asubuhi nikimimina mafuta ya zeituni sahanini, binti yangu Rawand huchovya mkate huku anamtazama fundi. Nyumba yetu hapa kijijini, karibu na Nablus, ni ya mawe, ya babu wa mume wangu. Dari lake ni kuba, na uzito wake wote hushukia nguzo nne za pembeni. Tulitaka jiko la kisasa na chumba cha Rawand, basi fundi Zuhdi akatoboa ukutani mlango wa kuingilia sehemu hiyo mpya ya kando.

Siku ya tatu ukatokea ufa. Zuhdi akabandika juu yake utepe mwembamba wa jasi, ile plasta nyeupe, akaandika tarehe kwa penseli.

"Mama Rawand, utepe huu ukikatika, ujue ukuta unatembea. Msinifiche."

"Na chumba changu?" Rawand akadakia.

"Kitangoja, bibi arusi," fundi akamtania.

Rawand akanuna. Binamu zake wa Amman walikuwa waje Idi, naye alishawatambia.

Alhamisi nikifagia, niliitazama ile tarehe. Damu ikanipanda kichwani. Chini ya ukuta ule alikuwa amelala mwanangu mdogo, Saji.

"Nani kabandika jasi hii?" nikamuuliza Rawand.

"Sijui, mama."

"Mwandiko wa fundi ni kama kuku amepekua. Huu ni wako."

Akainama. "Ule wa kwanza ulikatika juzi, nikabandika mwingine. Fundi angesimamisha kazi."

"Siku mbili mdogo wako analala hapa, na wewe unajua. Ulitaka binamu zako waje Idi au waje mazishini?"

Sikumpiga. Nikambeba Saji nje, nikamtuma Rawand mwenyewe akamwambie fundi kwa mdomo wake.

Zuhdi alikuja mbio, akaegemeza vyuma chini ya kuba. Kisha akaziba ule mlango kwa mawe yale yale na chokaa, akatoboa mwingine katikati ya ukuta, mbali na nguzo. Idi ikapita chumba hakijaezekwa. Binamu wakamcheka Rawand, nami nikawaacha wamcheke.

"Mimi nilikosea, niliusogeza mlango karibu mno na nguzo," Zuhdi alimwambia. "Kosa langu utepe ulilisema, tukalirekebisha. Kosa lako ni kuuziba mdomo utepe."

Nanyi watoto mnaosoma, mkiona kitu kimepasuka nyumbani semeni siku hiyo hiyo, hata kama mtakosa mnachokitamani. Saji wangu mzima, lakini hasira yangu haijaisha.