Kapu la Ng'ombe Waliokonda

Ng'ombe ndiye aliyeanza. Theopista alikuwa amesimama mnadani Shinyanga, Ijumaa moja ya mwaka 1969, akibishana na muuza samaki wa Chato juu ya bei ya sato mkavu. Alivaa gauni jipya la maua ya njano ambalo fundi alikuwa amelimaliza jana yake. Aliposikia kitu kinamvuta pindo, aligeuka na kofi tayari mkononi, akakuta ng'ombe mwenye mbavu zote nje anatafuna maua ya njano bila haraka.

"Usimpige, dada," alisema mwenye kamba. "Tangu asubuhi hajala."

"Kwa hiyo mimi ni majani?"

"Mimi sijasema. Yeye ndiye ameona hivyo."

Mwenye kamba aliitwa Ngassa, karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, kijana mrefu mwenye kaptula iliyopigwa pasi na kofia ya pama. Nyuma yake walisimama ng'ombe wengine wanne, nao wamekonda vilevile. Theopista alimwuliza kama ni adhabu aliyopewa au amerogwa.

"Nimenunua kila aliyeuzwa leo chini ya shilingi tisini, mradi ana meno na anacheua," alisema Ngassa. "Sichagui kwa macho. Macho yanapenda wanono, ndiyo maana wanono ni ghali. Hawa mvua ikinyesha watakuwa ng'ombe kama wengine, na mimi nimewapata nusu bei."

"Na mvua isiponyesha?"

"Baadhi watakufa. Kapu halitakufa."

Kapu lilikuwa jina la mchango. Makarani wachache, wauguzi wawili na mwalimu mmoja walitoa fedha, Ngassa akanunua ng'ombe, na kila mtu alikuwa na fungu lake kwa kadiri ya alichotoa. Yeye mwenyewe alikuwa na fungu kubwa kuliko wote. Aliahidi kulilipa lile gauni, akauliza atampata wapi mwenye gauni.

Hilo halikuwa gumu. Theopista alikuwa opereta wa simu pale Posta, na sauti yake ilikuwa ya namna ya kuwafanya wanaume wazima wapige simu bila haja yoyote.

"Posta. Nambari gani?"

"Ya opereta."

"Opereta yuko kazini."

"Nitasubiri. Mwambie yule mla maua anamsalimu. Amenenepa kidogo."

Kufikia Septemba Theopista alikuwa anasema "mpenzi" katikati ya simu za watu wazito wa wilaya, na shilingi mia tatu alizoweka kwa ajili ya cherehani zilikuwa zimeingia kwenye kapu. Hakuwa mtu wa kutoa senti bila maswali, basi akauliza.

"Kapu lina ng'ombe wangapi sasa, mpenzi?"



"Wapo," alisema Ngassa.

"Wapo wangapi?"

"Ng'ombe hawahesabiwi, Theo. Kwetu ukiwataja kwa idadi unawaita waanze kupungua. Hata baba sijawahi kumsikia akitaja."

Kwa Msukuma hilo lilikuwa jibu la mtu mwenye adabu. Kwa Theopista, Msumbwa aliyekulia Ushirombo ambako hata kuku wa parokia walikuwa na daftari lao, lilikuwa jibu la mtu mwenye kuficha kitu. Alicheka, lakini siku hiyo aliunganisha simu tatu kwa watu wasiohusika.

Mvua za Novemba ziligoma. Ndipo Damian, kaka yake Theopista, alipokuja kutoka Nyarugusu na vumbi la machimboni kichwani na chembe ya dhahabu kwenye kiberiti. Damian alikuwa amechimba shimo moja miaka minne na bado aliliamini. Kwa wajibu wa kaka, alipitia kwanza nyumbani kwa Ngassa kukagua.

"Zizini nimekuta ng'ombe watatu," alisema akikoroga chai. "Wa nne alikuwa punda. Cherehani yako imeliwa, mdogo wangu."

Theopista alilia chooni wakati wa mapumziko, akanawa uso, akarudi kwenye nyaya zake. Cherehani haikumwuma sana. Kilichomwuma ni kwamba alikuwa amempenda mtu huyo, na bado anampenda, na huenda mtu huyo ni mwongo. Ngassa alipopiga, akachomoa waya. Akapiga tena, akachomoa tena. Mara ya nne alimjibu.

"Nambari unayoitaka ina ng'ombe watatu na punda," alisema, akachomoa.

Baada ya siku nane ikaja simu ya maandishi, na kwa kuwa hutozwa kwa neno, ilikuwa na maneno matatu na jina: NJOO UONE USIHESABU NGASSA. Karani wa Posta aliisoma kwa sauti, na foleni nzima ikaanza kushauri. Mama mmoja aliyekuja kununua stempu ndiye aliyekata shauri.

"Nenda, mwanangu, ukaone. Ukikuta uongo utarudi, basi lipo."

Alikwenda, na Damian akaenda naye kulinda heshima ya ukoo na kulalamika. Iliwachukua Jumamosi mbili, kwa basi na kwa baiskeli. Kaya ya kwanza walikuta ng'ombe wawili, ya pili watatu, na kila walipofika Ngassa alivua kofia, akamwamkia mama wa kaya kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akajulia hali ya watoto, ndipo akauliza habari za ng'ombe. Walikuwako Tinde, walikuwako Bugarama, kwa wajomba na marafiki. Mtunzaji hunywa maziwa na hupewa ndama mara mojamoja, na mwenye ng'ombe hulala salama, maana ugonjwa haupigi kila kijiji siku moja. Damian alikuwa ameutafuta utajiri wa Msukuma zizini kwake, mahali ambapo mwenye akili hauweki wote.

Theopista hakuhesabu. Alikuwa na kitambaa cha mkononi, na kwa kila ng'ombe aliye hai alitia mbegu ya pamba, kwa kila ngozi iliyoanikwa punje ya mahindi. Ngassa alimwona, akageukia mawingu. Njiani walipita pia kwa Maduhu, tajiri anayenunua wanono tu na kuwaweka zizi moja. Ugonjwa ulikuwa umepita hapo mwezi wa Desemba, na zizi lilikuwa karibu tupu.

Walimalizia kwenye hoteli ya chai pale Tinde.

"Sitataja idadi," alisema Theopista. "Mwaka wa mvua Maduhu anatushinda, tena vibaya. Mwaka huu karibu amekwisha, na sisi tumepoteza mmoja katika kila sita. Miaka miwili mitatu mtu anaweza kutuona wajinga. Lakini ukijumlisha mibaya na mizuri, sisi tuko mbele."

"Na hatari?" aliuliza Ngassa.

"Si ukame. Ni mwenye fungu kukata tamaa wakati ng'ombe wamekonda, akataka chake." Machozi yalimtoka. "Kama mimi. Nisamehe."

"Mimi ndiye wa kuomba radhi. Ningesema wako kwa watu. Nilidhani kila mtu anajua."

Damian aliweka andazi chini. "Kapu linapokea dhahabu?"

Ngassa alikuwa amekivuta kile kitambaa.

"Mzee Clemens anataka mahari ngapi?"

"Baba? Kumi na wawili."

Ngassa akavua kofia. Akatenga mbegu za fungu lake, kisha, jasho likimtoka kama mtoto kwenye maungamo ya kwanza, akaanza kuzipanga mezani kwa sauti.

"Mmoja. Huyu ndiye aliyekula gauni lako. Wawili. Watatu..."

Hoteli nzima iligeuka kutazama, maana waliokaa pale wengi walikuwa Wasukuma na walijua wanachosikia. Alipofika kumi na wawili, upande wake zilibaki mbegu mbili.

"Umehesabu," alisema Theopista polepole.

"Nimehesabu."

"Na wote watakwenda zizi moja, kwa baba. Wewe uliyewatawanya mpaka Bugarama. Hiyo ni hatari, Ngassa."

"Najua," alisema. "Nimeipima."

Theopista alizifunga zile mbegu kumi na mbili kwenye kitambaa, akafunga fundo mara mbili, akakitia kifuani.