Ukungu Kwenye Miwani ya Bibi

Kila alasiri akitoka shule, Gracieuse alipika chai, kisha akaketi jikoni na Bibi Marie-Louise katika nyumba yao ya kupanga, mtaa wa Glenwood. Bibi alisoma Zaburi kwa sauti, naye mjukuu alifanya hesabu zake.

Jumatatu moja Bibi alirudi kutoka soko la Warwick na miwani mpya ya kusomea, maana ile ya zamani ilivunjika. Kibandiko cha bei kilikuwa kimeacha gundi kwenye kioo kimoja. Bibi alipojilaza, Gracieuse alijaribu kuitoa kwa maji. Haikutoka. Akachukua dawa ya kuondoa rangi ya kucha, ambayo Mama aliileta kutoka saluni, akafuta vioo vyote viwili kwa pamba.

Gundi ilitoka, lakini vioo vile vya plastiki vikaingia ukungu usiofutika. Gracieuse aliogopa. Akairudisha miwani kwenye kifuko chake, akanyamaza.

Jioni Bibi aliivaa, akafungua kitabu.

"Gracieuse, iko moshi humu ndani?"

"Hapana, Bibi."

Bibi alipangusa macho, akajaribu tena. Kisha akafunga kitabu polepole. "Asubuhi pale sokoni niliona herufi zote. Basi yamenifika. Mama yangu naye alianza hivihivi, kabla hajapofuka."

Gracieuse alimsikia, akainamia daftari lake la hesabu. Siku iliyofuata pia hakusema.

Alhamisi alimkuta Bibi kwenye korido, amefumba macho, akipapasa ukuta.

"Sita, saba..."

"Bibi, unafanya nini?"

"Najifunza njia ya kwenda chooni, mwanangu. Sitaki kuwachosha wewe na mama yako."

Gracieuse aliangusha mkoba, akamkumbatia magotini. "Macho yako ni mazima! Ni mimi niliharibu miwani!"

Bibi aliketi sakafuni, akalia kwa muda mrefu.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu nimekuwa nikiziaga nyuso zenu."

Jumamosi Mama alinunua miwani nyingine. Nayo ilikuwa na gundi ya kibandiko; Mama alitia juu yake tone la mafuta ya kupikia, akasubiri kidogo, akaiosha kwa maji ya sabuni na kitambaa laini.

"Dawa ya kucha inayeyusha plastiki," alisema. "Ungeniuliza."

Gracieuse aliinamisha kichwa. Bibi akamwinua kidevu.

"Miwani ningekusamehe siku ileile," alisema. "Ukiharibu kitu, mjukuu wangu, sema mapema. Ukinyamaza, mwenzako anabeba uchungu ambao si wake."