Macho ya Ndotoni

Mtoto alisinzia kitini, na ndoto yake ikaanza kutembea ukutani: kuku mwekundu, beseni la dagaa, ua wa jikoni. Kuku alionekana wazi mpaka kucha, lakini vilima vilivyokuwa nyuma yake vilikuwa ukungu mtupu. "Haoni mbali," kompyuta ikanong'ona. "Apewe miwani." Hakukuwa na kusoma herufi ukutani wala kubahatisha.

Mashine hiyo iliitwa kisomandoto, na aliyeibuni ni mhandisi Sikudhani Mkude wa Morogoro. Wazo lake lilikuwa jepesi: ndoto hufumwa kwa yale yaliyoletwa na macho, basi ukiipima ndoto umeyapima macho. Wenzake walimtania kwamba anapima macho ya watu wasio macho. Alicheka tu, maana foleni ya watoto kwa wazee ilizunguka jengo zima.

Siku hiyo alimleta mama yake, Bi Mwanahawa, fundi cherehani, aliyeingia akimshikilia mkono.

"Siku hizi najidunga sindano," mama alisema. "Ni uzee tu, usihangaike."

Sikudhani alihangaika. Ukoo wao ulikuwa na maradhi yanayokula macho polepole. Dawa ilikuwepo, mradi mgonjwa awahiwe.

Bi Mwanahawa akalala. Ukutani kikatanda kitambaa cha buluu, kila uzi peke yake. Kisha ikaja baraza ya nyumbani, na Sikudhani mwenyewe anapanda ngazi na mkoba wake, anacheka, nywele zimemwagika mabegani. Ilikuwa nzuri mno. Machozi yalimlengalenga.

"Macho mazima kabisa," ikasema kompyuta.

Alimshukuru Mungu, akajipangusa uso, na kiganja kikapanda mpaka kichwani. Kipara. Alinyoa miaka minne iliyopita. Tangu hapo alikwenda nyumbani kila Idi, kichwa wazi, na mama yake, ambaye hapitwi hata na kifungo kilicholegea, hakuwahi kusema neno. Yeye akadhani mama amemezea tu.

Mashine ilikuwa ikisoma kumbukumbu za zamani, si macho ya leo. Watoto walikuwa nazo chache. Watu wazima walikuwa na ghala zima. Akawakumbuka wazee wote aliowaambia warudi nyumbani wakalale kwa raha, akatia mikono mifukoni.

Mama akafumbua macho. "Niko macho, mwanangu. Nimefaulu?"

"Bado kidogo, mama. Hivi ni vidole vingapi?"

Bi Mwanahawa akatabasamu, uso ukielekea sauti ilikotokea. "Usinichezee na wewe! Viwili."

Mikono ya Sikudhani ilikuwa bado mifukoni.