Picha ya Kumi

Haya yalimpata rafiki yangu mpiga picha, mtu mwenye roho mbaya kuliko wote ninaowapenda. Alikuwa akipanda mlimani kabla jua halijatoka, kupiga picha maua yaliyofunikwa na umande ulioganda. Akishapiga, analikanyaga ua kwa buti, kacha, ili mwingine asilipate.

"Mume wangu, maua yamekukosea nini?" mkewe alimuuliza siku moja.

"Picha ni yangu, si ya kila mpita njia."

Asubuhi ile alipiga tisa, akaponda tisa. Akiteremka gizani, akasikia kamera ikifyatuka yenyewe ndani ya begi. Mara moja tu.

Nyumbani mkewe alikuwa bado amelala. Akakaa sebuleni kwenye kompyuta, hata buti hajavua, akawa anazisafisha picha: hapa anapunguza kivuli, pale anafuta jani lililooza. Akafika ya kumi. Hiyo haikuhitaji kuguswa. Mwanga ulikuwa umetulia, na umande ulioganda ulimeta kwenye kope za mkewe, aliyelala kwenye mto wao wa bluu.

"Mke wangu!" akaita.

Kilichomjibu kutoka chumbani ni kacha.