Mchapuko wa Pikipiki ya Bahizi

Kila asubuhi Bahizi, motari wa Gisenyi, alimpeleka bintiye Gwiza shuleni kwa pikipiki, kisha akaenda kituoni karibu na soko kungoja abiria. Tangu mama yake Gwiza afariki walikuwa wawili tu nyumbani, na pikipiki ndiyo iliyowalisha.

Juma lile Mwalimu Munyaneza alifundisha mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyoongezeka kila sekunde. Unachukua mwendo wa mwisho, unatoa wa mwanzo, unagawanya kwa muda. Akawatuma wakapime chombo cha kweli. Bahizi alikubali kusaidia: yeye aendeshe, Gwiza nyuma asome mshale wa mwendo na kupima muda kwa simu. Lakini jioni waliyopanga kupima, Gwiza alicheza ufukweni mwa ziwa hadi giza likaingia. Akabuni namba zake, tena kubwa kubwa, ili darasa lishangae.

Kesho yake akaandika ubaoni kwamba baba yake aliondoka penye lango la shule, na kwa sekunde nne akafika kilomita sabini na mbili kwa saa. Hizo ni mita ishirini kwa sekunde. Gawanya kwa nne, mchapuko ni tano. Hesabu ilikuwa sawa.

"Baba yako anarusha ndege," Mucyo, mwanafunzi mwenzake, alimtania. Gwiza akacheka pia.

Connie, wa darasa lile lile, hakucheka. Baba yake, Straton, ndiye mkuu wa kituo cha motari, na jioni Connie alimweleza yote yaliyoandikwa ubaoni. Straton hakumwita Bahizi amsikilize. Wakubwa ndivyo walivyo: hukumu kwanza, maswali baadaye, kama yatakuwapo. Asubuhi alimvua jile, ile fulana ya kazi ya motari, mbele ya wenzake.

"Bon, jile inabaki hapa," alisema. "Huwezi kukimbia hivyo kwenye lango la watoto."

Bila jile, motari habebi mtu. Gwiza aliporudi alikuta pikipiki imefunikwa turubai na baba ameketi kando yake, akijiuliza ni nani aliyemsingizia kwamba alikimbiza pikipiki langoni pa shule. Wakati wa kula alimsogezea Gwiza kiazi chake, akisema mtoto ana masomo. Uso wa Gwiza uliwaka moto.

"Baba, ni mimi," alisema. "Sikupima. Nilibuni."

Bahizi hakumgombeza. Aliinuka tu, akaosha sahani yake.

Asubuhi Gwiza alimwomba Mwalimu Munyaneza waongozane hadi kituoni. Mbele ya motari wote akakiri uongo wake, macho yakitazama viatu. Wengine waliguna. Mwalimu akaomba wapime papo hapo. Straton mwenyewe akashika simu, Gwiza akapanda nyuma ya baba. Kwa sekunde tano mshale ulifika kilomita thelathini na sita kwa saa.

"Mita kumi kwa sekunde," Gwiza alisema kwa sauti ndogo. "Gawanya kwa tano. Mchapuko ni mbili."

Straton akarudisha jile. Samahani hakusema.

"Gwiza," mwalimu akasema, "hesabu haijui kama umeipa namba za kweli au za kubuni. Itakupa jibu safi tu, halafu mtu mwingine ataumia kwa jambo lisilotokea. Pima kwanza, ndipo useme." Kisha akamgeukia Straton. "Na wewe, Mkuu, ulihukumu bila kupima. Kosa ni lile lile."

Straton akainamisha macho. Gwiza naye alikuwa ameinamisha yake.